Nyuki wa kijani kinachometameta bustanini Maryland: ni aina moja au ni wanne tofauti?

MchichaMaryland aliuliza:

Habari zenu wanajamvi. Ninaishi Silver Spring, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, na nyuma ya nyumba nina kishamba ambamo napanda mchicha, bamia, maboga na sukuma wiki. Sukuma wiki iliyovumilia majira ya baridi ilitoa maua ya njano mwezi Mei, nami nikaiacha kwa sababu ilijaa wadudu wa rangi ambayo sikuwahi kuiona nikiwa nyumbani Tanga. Ni kijani, lakini si kijani cha jani. Ni kijani cha chuma kilichosuguliwa, ambacho kikigeuziwa jua huonekana kama shaba. Sasa ni mwisho wa Agosti, wadudu hao wamehamia kwenye alizeti na maua mengine ya kiangazi, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoshindwa kuamua kama ni aina moja yenye sura nyingi au ni aina kadhaa zilizovaa sare.

Wa kwanza ana kichwa na kifua cha kijani, lakini tumbo lake ni jeusi lenye mistari myembamba myeupe. Nilipompima kwa kumkadiria pembeni ya rula alifika milimita 11 hivi. Wa pili ana kichwa na kifua vilevile, ila tumbo lina mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, na sijamwona akibeba chavua hata mara moja. Huyu alianza kuonekana mwishoni mwa Julai. Wa tatu ni kijani mwili mzima, ni mdogo zaidi, labda milimita 8, na mara nyingi namkuta kwenye gogo lililooza karibu na ua. Wa nne ni kijani chenye ubuluu, hupenda nguzo ya mbao iliyotobolewa matundu na wadudu wengine, na nilipomgusa kwa kijiti alijikunja akawa kama punje ya pilipili manga.

Jirani yangu anashikilia kwamba wote ni nzi na kwamba nipulize dawa. Mwanangu naye anasema hao ndio wanaomlamba jasho mkononi akicheza mpira, ingawa yule niliyemwona mimi mkononi mwake alikuwa mweusi na mdogo kama chungu mwenye mabawa. Naomba mnisaidie kuwatambua kabla sijamjibu jirani. Picha nimeziambatanisha, lakini nne kati ya sita zimepigwa kutoka juu na nyingine zina ukungu.

Nyukimwitu alijibu:

Dada, hao wote ni Augochlora pura. Niliingiza picha yako ya tatu katika programu ya simu inayotambua wadudu nayo ikatoa jina hilo bila kusita, na mimi mwenyewe nilipoishi Ohio niliwaona kila siku. Tofauti za rangi zisikusumbue, kwa maana rangi za namna hii hubadilika kufuatana na mwanga. Mwambie jirani yako kwamba si nzi.

LenziKumi alijibu:

Ndugu Nyukimwitu, nusu nakubaliana nawe na nusu nakataa. Ni kweli kwamba rangi hii hubadilika, kwa sababu haitokani na rangi iliyotiwa kwenye ngozi bali na tabaka nyembamba sana za gamba la mdudu zinazorudisha mwanga kwa namna fulani tu, ndiyo maana mdudu yuleyule huonekana kijani ukiwa huku, na buluu au shaba ukihamia kule. Lakini mwanga haugeuzi tumbo jeusi likawa la njano. Mistari ni alama nyingine kabisa, na katika kundi hili tumbo ndilo la kutazama kwanza, kabla hata ya kuuliza kijani hicho ni cha namna gani.

Dada Mchicha, nianze na wa kwanza kwa kuwa ndiye rahisi kuliko wote. Nyuki mwenye kichwa na kifua cha kijani kinachometa, na tumbo jeusi lenye mistari ya vinyweleo vyeupe, akiwa Maryland, ni jike wa Agapostemon virescens. Sihitaji picha iliyo bora zaidi ya hiyo uliyotuma. Majike wa spishi nyingine za jenasi hiyo zinazopatikana upande wako wa Marekani, yaani Agapostemon splendens, Agapostemon texanus na Agapostemon sericeus, ni kijani mpaka mwisho wa tumbo, kwa hiyo huyu mwenye tumbo jeusi hana wa kumfanana. Mtaalamu wa Denmark, Fabricius, alimpa jina la virescens mwaka 1775, na neno hilo la Kilatini lina maana ya kitu kinachoelekea ukijani.

Wa pili ni dume wa jenasi hiyohiyo. Madume wote wa Agapostemon wa huko kwenu wana tumbo la njano na nyeusi, na watu wengi huwaandika kama nyigu wasiojulikana. Hukumwona akibeba chavua kwa sababu dume hana kazi hiyo. Hajengi, halishi mtoto, na hana mwiba. Tena majira yanakubaliana na maelezo yako: majike waliopandwa na madume msimu uliopita hulala ardhini wakati wa baridi na kutoka katika masika, ilhali madume huanza kuonekana kiangazi kikiwa kimekomaa. Ukitaka uhakika wa jinsia bila kutegemea rangi, hesabu pingili za papasi, yaani kila kimoja cha vile vipapasio viwili vya kichwani: nyuki jike ana 12, dume ana 13. Hata hivyo dume peke yake asingenitosha kutaja spishi, kwani madume wa Agapostemon hutofautishwa kwa unene wa paja la mguu wa nyuma na kwa alama zilizo upande wa chini wa tumbo, sehemu ambazo picha zako hazionyeshi. Ninasema virescens kwa kuwa yuko pamoja na majike hao, nami ninasema hivyo kwa tahadhari.

Wa nne usimweke kabisa katika orodha ya nyuki. Huyo ni nyigu wa familia ya Chrysididae, ambaye hutaga mayai katika viota vya nyuki na nyigu wengine, kama yule ndege anayewaachia wenzake kazi ya kulea. Kule kujikunja kuwa punje ndiko kulikomtaja. Upande wa chini wa tumbo lake umebonyea kama kijiko, kwa hiyo miguu na papasi hujificha humo mwenye kiota anapomshambulia, na gamba lake ni gumu, limejaa vishimo kama subana ya mshonaji. Nyuki wa jasho, yaani kundi la hao wengine watatu, hana gamba la namna hiyo, na tena ana vinyweleo. Ukimtazama ubavuni utaona chavua imegandamana kwenye mguu wa nyuma, kuanzia paja hadi goko. Nguzo yenye matundu inaeleza kwa nini alikuwapo: alikuwa anapekua nyumba za watu.

Wa tatu ndiye mwenye shughuli. Katika Maryland nyuki wadogo wa kijani mwili mzima wanaweza kuwa wa Augochlora, wa Augochlorella au wa Augochloropsis, mbali na hao majike wa Agapostemon niliowataja. Ukiona nyuma ya kifua, pale kinapoelekea kiunoni, pamezungushiwa ukingo uliosimama kama ngao, huyo ni Agapostemon. Pasipokuwa na ukingo kamili, tazama lile gamba dogo linalofunika shina la bawa la mbele. Kwa Augochloropsis gamba hilo lina pembe au mbonyeo upande wa ndani kwa nyuma, halikuviringana kama yai, na mwili wake ni mnene kuliko wa wenzake, wenye shada la vinyweleo kwenye kingo za pingili mbili za kwanza za tumbo. Wakibaki wawili, yaani Augochlora pura na Augochlorella aurata, hapo picha ya kutoka juu haina msaada wowote. Inabidi umtazame usoni.

Uso wa nyuki una bamba juu ya mdomo, na pembeni ya bamba hilo, chini ya macho, kuna mstari unaoshuka kutoka kwenye papasi. Kwa Augochlora mstari huo unachomoza ndani ya bamba kwa pembe kali, mfano wa ncha ya mkuki. Kwa Augochlorella pembe hiyo ni pana, kama ya kona ya daftari au zaidi. Jike wa Augochlora pia ana taya lililogawanyika ncha mbili zilizo wazi. Alama hizi hazionekani kwa macho matupu, lakini lenzi ya kukuza mara kumi inatosha, na bei yake si ya kutisha. Mkamate katika gudulia la kioo, mweke ndani ya jokofu kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha una dakika moja au mbili za kumtazama akiwa amezubaa kwa baridi kabla hajapata joto na kuruka. Hadhuriki.

Kuhusu gogo: Augochlora pura hujenga chini ya maganda na ndani ya mbao zilizooza, wakati Augochlorella huchimba ardhini. Ukimwona akiingia chini ya ganda akiwa na chavua miguuni, ushahidi huo nitaupokea. Ukimwona amekaa tu juu ya gogo, huenda anaota jua, na kila mdudu ana haki hiyo.

Mswahili wa Toronto alijibu:

Naongeza machache kuhusu jirani, kwa sababu nami nimewahi kubishana na wa kwangu. Nzi ana mabawa mawili na nyuki ana manne, ila mabawa ya nyuki yameunganishwa kwa vijindoano hivyo unaweza kudanganyika. Papasi ndizo zinazosema ukweli upesi: za nzi wa kijani ni fupi mno, kama unywele uliosimama kati ya macho, na macho yenyewe yamekula karibu kichwa chote, papasi za nyuki ni ndefu na zina kiwiko. Kuna pia nzi wembamba wa kijani wenye miguu mirefu wanaokimbiakimbia juu ya majani bila kujali maua, wa familia ya Dolichopodidae, ambao nahisi ndio jirani yako anaowakumbuka.

Mwanao naye ana haki nusu. Nyuki wa familia ya Halictidae, ambayo ina spishi zipatazo 4,500 duniani, wameitwa wa jasho kwa sababu baadhi yao hulamba jasho wakitafuta chumvi, lakini wanaofanya hivyo zaidi ni wale wadogo weusi wa Lasioglossum, kama huyo uliyemwona wewe mwenyewe. Hawa wa kijani mara nyingi hawana habari na mikono yetu. Akibanwa kwenye mkunjo wa kiwiko atauma, ingawa si kwa nguvu: Justin Schmidt, mtaalamu wa Marekani aliyeyapanga maumivu ya wadudu katika ngazi hadi ya 4, alimpa nyuki wa jasho ngazi ya 1 na nyuki wa asali ngazi ya 2.

Hapa kwetu Toronto Agapostemon virescens ndiye nyuki rasmi wa jiji. Ukimwonyesha jirani kwamba jiji zima limemchagua, labda ataiacha dawa yake dukani.

MchichaMaryland aliandika:

Ahsanteni sana, na shikamoo LenziKumi, maana maelezo yako ni ya mwalimu. Nimenunua lenzi na leo asubuhi nimefanya ulivyosema. Wa kwanza kuingia katika jokofu alitoroka jikoni kabla sijaandaa kamera, akazunguka taa mpaka mume wangu alipofungua dirisha. Wa pili alitulia. Niliona taya lenye ncha mbili waziwazi, mithili ya ufa kwenye ukwato wa mbuzi, na ule mstari wa usoni unaingia kwa ncha kali. Picha ya uso nimeiweka hapa chini. Tena jana jioni nilikaa karibu na gogo kwa muda wa saa nzima nikamwona mmoja akipita chini ya ganda akiwa na chavua ya njano miguuni, wala hakutoka mpaka nilipoondoka.

Lakini nina swali lililonitatiza. Katika maua ya sukuma wiki mwezi Mei palikuwa na nyuki mwingine mfupi, mnene, mwenye rangi ya buluu inayokaribia kijani, na nakumbuka tumbo lake lilikuwa la njano kwa chini. Je, naye ni wa jasho?

LenziKumi alijibu:

Marahaba. Picha ya uso imemaliza kesi: ni jike wa Augochlora pura, kwa hiyo Ndugu Nyukimwitu alikuwa na haki kwa huyo mmoja, na simu yake vilevile. Lawama yangu kwa programu hizo ni kwamba zinatoa jina la spishi hata pale picha inapostahili jina la jenasi tu, au la kundi zima la Augochlorini, linalojumlisha Augochlora, Augochlorella na Augochloropsis, na anayeuliza hujiona amejibiwa. Ukiandika "Augochlorini" na kuishia hapo hujashindwa. Umesema kile ambacho picha imekuruhusu.

Huyo wa Mei si wa jasho. Njano uliyoiona chini ya tumbo ilikuwa chavua, na nyuki anayebeba chavua tumboni badala ya miguuni ni wa familia ya Megachilidae. Mwenye umbo hilo, rangi hiyo na majira hayo ya masika ni Osmia. Kumbuka pia Ceratina, nyuki mdogo mwenye rangi ya buluu iliyokolea au kijani cheusi, karibu hana vinyweleo, na mara nyingi ana alama nyeupe usoni. Huyo hutoboa vijiti vyenye moyo laini. Na ukiwa na ndugu Florida watakuonyesha wa kijani kikali mwenye ulimi mrefu kupita kiasi, Euglossa dilemma, mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati aliyegunduliwa huko mwaka 2003. Maryland hayupo, hivyo usimtafute.

Kwa kulinganisha, zitazame picha za maabara ya nyuki ya USGS, shirika la serikali ya Marekani la jiolojia, iliyo katika jimbo lako hilo. Zimepigwa kwa ukaribu wa kustaajabisha, nyuso kwa migongo, na ni mali ya umma, kwa hiyo unaweza kuzichapisha ukazibandika ukutani.

Mfugaji_Kilosa aliuliza:

Naomba niingilie kidogo. Mimi hufuga nyuki huku Kilosa, na kwenye alizeti zangu huwaona nyuki wadogo wenye kijani hafifu. Je, ni hao hao wa Maryland? Na vipi kuhusu nyuki wadogo tunaowavunia asali, kwani nao hutusumbua kwa kulamba jasho na kuingia machoni?

LenziKumi alijibu:

Mfugaji, hao si hao, ingawa ni jamaa. Agapostemon na kundi zima la Augochlorini hawapatikani popote nje ya mabara ya Amerika, kwa hiyo jina la Agapostemon au la jenasi yoyote ya Augochlorini ukiliona limeandikwa chini ya picha ya Tanzania, lifute. Nyuki wako wa kijani hafifu, akiwa na mikanda ya vinyweleo vya rangi ya maziwa kwenye tumbo, yaelekea ni wa Seladonia, ambao ni Halictidae pia. Akiwa hana mikanda na anang'aa kama amepakwa mafuta, mfikirie Ceratina, kwani Afrika nayo ina Ceratina wa kijani.

Nyuki wadogo wa asali, wale wasiouma, ni wa familia nyingine, ya Apidae, hata kama wanapenda jasho kuliko hao wenye jina. Utawatofautisha kwa bawa: mishipa ya bawa lao imepungua mpaka sehemu ya nje iko karibu tupu, ilhali nyuki wa Halictidae ana mishipa kamili, na mmoja wapo karibu na katikati ya bawa la mbele umepinda kama upinde. Mshipa huo uliopinda ni alama ya familia nzima, Kilosa na Maryland.

MchichaMaryland aliandika:

Nimerudi na taarifa ya mwisho. Katika sehemu ya nyasi iliyokauka, hatua kama nane kutoka kwenye maboga, nimekuta tundu lenye upana wa penseli, limezungukwa na kilima kidogo cha udongo laini, na ndani yake kulikuwa na uso wa kijani unaonitazama. Nilikaa mbali nikahesabu: majike watano wenye matumbo meusi wameingia katika tundu hilohilo moja ndani ya dakika ishirini, na kila mmoja alikuja na chavua yake mwenyewe. Nilidhani wana malkia.

LenziKumi alijibu:

Hawana. Agapostemon virescens hushirikiana mlango tu, kama wapangaji wa nyumba moja, na mlinzi husimama mlangoni. Wakishaingia ndani kila jike huchimba vyumba vyake, hutengeneza chakula cha watoto wake na kutaga mayai yake. Kwenye mlango mmoja wanaweza kuwa zaidi ya kumi. Kwa kuwa umewaona wakiingia pamoja, na matumbo yao ni meusi, ile tahadhari niliyoiweka juu ya dume wako imepungua sana. Sehemu hiyo ya nyasi usiimwagilie maji mengi wala usiifunike kwa matandazo, na ukipata nafasi mpige picha yule wa mlangoni, maana uso unaonekana vizuri zaidi pale kuliko ndani ya jokofu.

MchichaMaryland aliandika:

Nimempiga, picha hiyo hapo. Jirani ameitazama kwenye lenzi, akahesabu pingili za papasi mpaka 12, kisha akaniuliza kama kwake pia wanaweza kuwapo.